Figo la Tumbili, Damu ya Kikwit

Yako maneno ambayo hayasemwi kwa sauti. Husemwa nje ya kanisa watu wakiisha kutoka Misani, husemwa sokoni, husemwa kwenye kilio wakati jamaa wanangoja maiti. Moja la maneno hayo ni hili: ati chanjo ya Ebola, ile waliyochomwa watu zaidi ya 300,000 huku kwetu Kivu ya Kaskazini na kwa jirani zetu wa Ituri, imetengenezwa kwa nyama ya nyani, tena ati mtu akiisha kuchomwa, damu yake si damu ya mtu kamili. Wengine huongeza kwamba Mkristu hawezi kuipokea bila dhambi.

Tumenyamaza muda mrefu. Sasa tunataka kujibu, maana ugonjwa huu si hadithi ya zamani. Ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, Mangina, ukaisha tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa 3,470, na katika hao tuliwazika 2,287. Watu wakadhani basi, umekwenda. Februari 2021 ukarudi upande wa Butembo. Oktoba 2021 ukarudi Beni. Agosti 2022 ukaonekana Beni mara nyingine. Ukirudi tena, yule atakayekataa sindano kwa ajili ya neno la sokoni atakuwa mtoto wa mmoja wetu.

Kwanza tukubali lililo kweli. Ndiyo, tumbili yumo katika habari hii. Anayekana hilo anadanganya, na mtu akigundua kwamba amedanganywa katika jambo dogo hataamini kubwa. Lakini tumbili huyo ameingiaje?

Mwili wa kila mnyama, na wa mtu pia, umejengwa kwa vyumba vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo wataalamu huviita seli. Kila seli ina kazi yake. Ya figo huchuja, ya msuli huvuta, ya mshipa wa fahamu hupeleka habari, na katika damu ziko zinazopigana na ugonjwa. Sasa, kila mkulima wa kwetu anajua kwamba shina la muhogo likikatwa vipande na kutiwa udongoni, kila kipande huota, na shina moja hugeuka kuwa shamba. Hivyo ndivyo wataalamu walivyojifunza kufanya na seli. Huchukua kipande cha kiungo cha mnyama, hukikatakata, hukitia dawa ya kuachanisha seli, kisha huziweka katika chupa safi pamoja na mchuzi wa chumvi, sukari na maji ya damu ya ndama, katika joto la digrii 37, ambalo ndilo joto la mwili wetu. Seli hujishika kwenye ubavu wa chupa, hugawanyika, hutandaa kama mkeka. Chupa ikijaa, huzigawa katika chupa mbili, kisha nne, kisha nane. Seli ya figo ikikua chupani haigeuki mnyama, kama vile jani la muhogo halitembei. Ni seli tu.

Nyingi za seli hizo huchoka na kufa baada ya vizazi kadhaa. Lakini tarehe 27 Machi 1962, katika Chuo Kikuu cha Chiba huko Japani, wataalamu wawili, Yasumura na Kawakita, walianza kukuza seli za figo la tumbili wa Afrika, nazo hazikuchoka. Waliziita Vero. Jina hilo walilipata kwa kufupisha maneno mawili ya Kiesperanto yenye maana ya figo la kijani, kwa sababu Wazungu humwita tumbili wetu nyani wa kijani. Na katika lugha ile ile neno vero lina maana ya ukweli. (Sisi tuliosoma hayo tulicheka kidogo, tukafikiri juu ya uwongo wote uliojengwa juu ya neno ukweli.) Tangu mwaka ule watoto wa seli zile wamehifadhiwa katika baridi kali, katika nitrojeni iliyogeuzwa maji, digrii 196 chini ya sifuri, wakagawiwa nyumba za utafiti duniani kote. Tumbili mmoja alikufa mwaka 1962. Kwa ajili ya figo lake, maelfu ya tumbili wengine hawakuchinjwa.

Kwa nini seli zitafutwe? Kwa sababu virusi hakizai peke yake. Vijidudu vingine ukivitia katika mchuzi wa nyama huongezeka. Virusi hata kidogo. Hutaka seli iliyo hai, huingia ndani yake na kuitumikisha. Zamani, mtu aliyetaka kuchunguza virusi cha polio alilazimika kumwambukiza nyani mzima, akamtazama akipooza. Mwaka 1949 Enders, Weller na Robbins, kule Boston, walionyesha kwamba virusi hicho hukua katika seli zilizomo chupani, wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1954. Mwaka 1955 chanjo ya Salk ilitoka, nayo ilikuzwa katika seli za figo za nyani. Kila mama wa Butembo aliyempeleka mwanawe kutiwa matone ya polio mdomoni amefaidika na kazi ya chupa hizo, bila kuogopa, na mtoto akarudi nyumbani akiwa na miguu yake miwili mizima.

Chanjo ya Ebola ilifanywa hivi. Wataalamu wa serikali ya Kanada walichukua virusi vya ugonjwa fulani wa ng'ombe, visivyo na nguvu kubwa kwa mtu, wakavivua koti lao na kuvivika koti la Ebola. Koti tu, bila Ebola yenyewe. Mwili wa mtu huliona koti, hujifunza kulipiga, na siku Ebola ya kweli ikija huijua. Virusi hivyo vilivyovikwa koti hukuzwa ndani ya seli za Vero, kisha hutolewa na kusafishwa. Kinachoingia mkononi mwako ni virusi vya chanjo. Mabaki madogo sana ya seli yanaweza kubaki, nayo hupimwa kabla ya chupa kuruhusiwa kutoka kiwandani. Utafiti uliotolewa mwaka 2024 juu ya ugonjwa huu wa kwetu ulionyesha kwamba chanjo ilipunguza hatari ya kuugua kwa sehemu 84 katika 100.

Na yule anayesema damu yake itachafuka kwa seli ya tumbili, tunamwuliza swali moja kwa upole: ni mara ngapi amekula tumbili mzima, aliyekaushwa kwa moshi, aliyeletwa kutoka msitu wa upande wa Mambasa? Je, aligeuka? Anakunywa maziwa ya ng'ombe wa Lubero, hajaota pembe. Nyama ile ya msituni ndiyo inayotakiwa kuogopwa, maana kwa kuchinja na kushika wanyama wa porini wenye ugonjwa ndipo Ebola imeweza kuvuka na kuingia kwa watu.

Tuje sasa kwenye neno la dhambi, kwa sababu hilo ni letu zaidi, sisi Wakristu. Katikisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2417, husema kwamba majaribio ya dawa juu ya wanyama yanakubalika yakibaki ndani ya mipaka ya akili na yakisaidia kuponya au kuokoa maisha ya watu. Mungu alimpa mtu mamlaka juu ya wanyama, bila ruhusa ya kuwatesa bure. Basi kwa seli za tumbili hakuna swali.

Lakini ziko seli nyingine, na hapa hatutaki kuficha kitu. Ziko chanjo zinazokuzwa katika seli ambazo asili yake ni mtoto wa binadamu aliyetolewa mimba miaka mingi iliyopita. Chanjo ya pili ya Ebola, iliyoanza kutolewa Goma Novemba 2019, sehemu yake ya kwanza hukuzwa katika seli za namna hiyo. Sehemu yake ya pili katika seli za kiinitete cha kuku. Ile ya Beni na Butembo, iliyochomwa kwa wingi kuwazunguka wagonjwa, si ya namna hiyo: ni ya Vero, ya tumbili. Mtu anayezichanganya hizi mbili ili kuwatia hofu waamini anatenda dhambi ya kusema uwongo, ambayo ni amri ya 8, na mtu akifa kwa ajili ya uwongo huo, na aitafakari amri ya 5 pia. Hata kuhusu zile za asili ya kibinadamu Kanisa limesema wazi. Mwaka 2005 Chuo cha Kipapa cha Uhai, mwaka 2008 maandiko ya Dignitas Personae, na tarehe 21 Desemba 2020 Idara ya Mafundisho ya Imani, wote walifundisha kwamba anayepokea chanjo kama hiyo, pasipokuwapo nyingine isiyo na doa, hashiriki kosa lile la zamani. Bali tuna wajibu wa kuwadai watengenezaji watafute njia safi. Na njia safi ndiyo hii ya seli za wanyama! Kwa hiyo Mkatoliki anayechukia kutoa mimba angekuwa wa kwanza kuzitetea chupa za Vero. Mbona amekuwa wa kwanza kuzitukana?

Wapo watakaotujibu: Ninyi mnasahau, hata zamani Wazungu walitujaribia dawa za nyani. Hatusahau. Mwaka 1958 watu zaidi ya 200,000 wa bonde la Ruzizi walipewa mdomoni chanjo mpya ya polio ya Daktari Koprowski, na karibu na Stanleyville, ambayo sasa ni Kisangani, palikuwa na kambi ya sokwe wa majaribio. Mwaka 1999 mwandishi mmoja Mwingereza, Edward Hooper, alitoa kitabu kikubwa akidai kwamba chanjo ile ilikuzwa katika seli za sokwe na ndiyo iliyoleta UKIMWI. Neno zito. Basi lilipimwa. Chupa za chanjo ile zilizokuwa zimehifadhiwa zilifunguliwa na kuchunguzwa: seli zilizoonekana zilikuwa za nyani wadogo, wala hazikuwa za sokwe, na virusi vya UKIMWI havikuwamo. Mwaka 2004 wataalamu waliochunguza sokwe wa upande wa Kisangani walikuta virusi vyao ni vya ukoo mwingine, si ule uliozaa UKIMWI wa watu. Neno likaanguka. Lakini bado tunalisikia, maana kulirusha neno ni kazi ya siku moja, na kulipima kulihitaji miaka.

Tena tuseme na lile ambalo watetezi wa chanjo hupenda kulipita haraka. Kati ya mwaka 1955 na 1963, figo za nyani zilizotumiwa kwa chanjo ya polio zilikuwa mara nyingine na virusi vya nyani vilivyojificha, vinavyoitwa SV40, na watu wengi duniani, Wamarekani kwa mamilioni, walivipokea bila kujua. Lilikuwa kosa. Lilisahihishwaje? Kwa kuacha kuchinja nyani wapya kila mara, na kushika seli za ukoo mmoja zilizochunguzwa na kuhifadhiwa, kama hizo za Vero. Shirika la Afya Duniani liliweka akiba yake ya seli za Vero mwaka 1987, zikapimwa ili kila nchi ijue inapanda mbegu gani. Anayetaka kutumia kosa la 1960 kuikataa chanjo ya 2018 ni kama mtu anayekataa kuvuka daraja la chuma kwa sababu daraja la miti lilimwangusha babu yake.

Hata hivyo hatutasema kwamba watu wa Butembo walikataa kwa ujinga. Wasomi wengine wa mbali waliandika hivyo, nasi hatukubali. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanachinjwa usiku kwa panga, na waliopiga kelele kuomba msaada hawakuona ndege wala magari meupe. Ebola ilipokuja, magari yalikuja kwa mamia. Je, ni ajabu mtu kuuliza: ninyi mnaoogopa nife kwa homa, mbona hamkuogopa nilipokufa kwa panga? Kisha tarehe 26 Desemba 2018, siku chache kabla ya kupiga kura, Tume ya Uchaguzi ilitangaza kwamba Beni na Butembo hawatapiga kura mpaka Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama. Rais akaapishwa Januari. Masoko yalikuwa wazi, makanisa yamejaa, shule zinasoma; sanduku la kura peke yake ndilo lililokuwa na Ebola! Na Septemba 2021 tume huru ilithibitisha kwamba baadhi ya waliokuja kutuponya waliwatumia wanawake na wasichana wetu vibaya, wakiwaahidi kazi. Mambo hayo hayakuzuliwa sokoni.

Lakini ndugu, hasira ya haki ilimwangukia nani? Februari 2019 kituo cha wagonjwa cha Katwa kilichomwa moto, kisha cha Butembo kikashambuliwa, na wagonjwa walikuwamo. Tarehe 19 Aprili 2019, siku ya Ijumaa Kuu, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, Mwafrika mwenzetu, aliuawa kwa risasi katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, hapa Butembo, akiwa mkutanini na wenzake. Ijumaa Kuu! Yeye hakuahirisha kura ya mtu. Aliacha mke na watoto.

Sasa tunawageukia wale wengine, walio na elimu, kwa maana wana sehemu yao. Ni nani aliyetueleza habari za seli? Wengi wetu tuliambiwa tu: chanjo ni nzuri, leta mkono. Tulipouliza imetengenezwa kwa nini, wengine walikasirika, wengine walitabasamu kama mtu anayesikia swali la mtoto. Walidhani mkulima hawezi kuelewa. Lakini mkulima wa kwetu anajua kubebesha kahawa, anajua kuchagua mbegu ya maharagwe, anajua kwamba chachu kidogo huchachusha pipa zima la kasikisi. Mtu huyu angeelewa habari za seli katika nusu saa, kwa Kiswahili au Kinande. Hawakumpa nusu saa. Nafasi waliyoiacha wazi, wazushi waliijaza.

Na kubwa zaidi hawakutueleza, ambalo lingeweza kutufanya tuinue kichwa. Hilo tulieleze sisi.

Mwaka 1995 Ebola iliua watu wengi katika mji wa Kikwit, upande wa magharibi wa nchi yetu. Wakati ule Daktari Jean-Jacques Muyembe na wenzake walichukua damu ya watu waliopona, wakawapa wagonjwa 8. Wagonjwa 7 wakapona. Wataalamu wengi wa ng'ambo hawakuamini, wakasema ni bahati. Muyembe hakuacha. Mwaka 2006 mtu mmoja aliyepona Kikwit alikubali kutoa damu tena, naye baada ya miaka 11 bado alikuwa na seli za kinga zilizoikumbuka Ebola. Damu hiyo ilikwenda Marekani, kwa wataalamu wa taasisi ya taifa ya afya katika jimbo la Maryland, na seli zake zilichambuliwa Bellinzona, Uswisi, mpaka ikapatikana seli iliyotengeneza silaha kali kuliko zote. Fundisho la silaha hiyo lilitiwa katika seli za mnyama mwingine, mdogo, wa jamii ya panya kutoka China, ambazo Daktari Puck alianza kuzikuza Colorado mwaka 1957. Seli hizo za kokwa la uzazi wa panya huyo hukua katika mapipa makubwa, nazo hutoa silaha ya yule Mkongomani wa Kikwit usiku na mchana, kwa wingi ambao mwili wake yeye usingeuweza.

Kisha dawa ikarudi kwetu kujaribiwa. Kuanzia Novemba 2018 mpaka Agosti 2019, katika vituo vya Beni, Butembo, Katwa na Mangina, wagonjwa 681 waliingia katika jaribio la dawa nne. Dawa moja, iliyokuzwa katika majani ya jamii ya tumbaku, ilishindwa: katika kila wagonjwa 100 walikufa karibu 50. Nyingine iliyofanywa kwa kemia, walikufa 53. Lakini ile ya mtu wa Kikwit walikufa 35. Na nyingine, iliyopatikana kwa panya wenye kinga ya kibinadamu na kukuzwa vilevile katika seli za panya yule wa China, walikufa 33 au 34. Kwa wale waliofika mapema, kabla virusi havijajaa mwilini, vifo vilikuwa vichache zaidi sana. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa haki tena kumpa mgonjwa dawa dhaifu wakati iliyo bora imejulikana.

Fikirini basi. Damu ilitoka Kongo. Wazo lilitoka kwa Mkongomani. Koti la chanjo lenyewe lilinakiliwa kutoka virusi vya Kikwit vya 1995. Figo lilitoka kwa tumbili wa Afrika. Wagonjwa waliolala vitandani ili ijulikane dawa ipi inaponya na ipi haiponyi walikuwa watu wetu, na wengi wao wako makaburini. Na chupa ziko wapi? Chupa ziko ng'ambo. Dawa ya Kikwit iliruhusiwa Marekani tarehe 21 Desemba 2020, na wakati ule haki ya kuitengeneza ilikuwa kwa kampuni ya Florida. Tukiihitaji, tunangoja ndege.

Hii ndiyo aibu, ndugu. Aibu haimo katika figo la tumbili. Na wale waliotufundisha kuogopa figo walitufanya tusiione ile ya kweli. Tulipokuwa tukibishana juu ya nyani, hakuna aliyeuliza habari za mapipa.

Tunasikia jibu lao: seli ni kitu kigumu, hutaka usafi, hutaka umeme usiokatika, hutaka watu waliosoma, Afrika haiwezi. Tunawaomba waende Muguga, karibu na Nairobi. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1950, Daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walichukua virusi vya sotoka, ile tauni ya ng'ombe iliyofagia Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890 na kuwaacha wafugaji na njaa, wakaikuza katika seli za figo la ndama. Waliipitisha kutoka chupa hata chupa, karibu mara 90, mpaka ikasahau kuua lakini ikakumbuka kukinga. Chanjo yao ilikuwa salama na ya bei ndogo. Kwa chanjo hiyo sotoka ilifukuzwa nchi kwa nchi. Ng'ombe hawakuugua tena, na mwaka 2011 ilitangazwa kwamba ugonjwa huo umekwisha duniani. Ni magonjwa mawili tu yaliyowahi kufutwa kabisa kwa kazi ya watu, ndui na sotoka, na la pili lilifutwa kwa chupa za seli zilizokuzwa kati ya mashamba ya Kikuyu. Mzungu alikuwa mkuu wa kazi, ni kweli. Lakini udongo, ng'ombe, maji na mikono mingi iliyoosha chupa vilikuwa vya Afrika. Tangu siku hizo miaka zaidi ya 60 imepita. Nani atatuambia kwamba lililowezekana Muguga kwa taa za wakati ule haliwezekani Butembo?

Hatudai Ebola ikuzwe hapa. Hapana, hiyo hutaka nyumba ya ulinzi mkubwa ambayo nchi nyingi za Ulaya hazina. Tunadai chumba cha seli safi tu. Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kina madaktari wa watu na madaktari wa mifugo. Kinshasa kuna INRB, taasisi aliyoiongoza Muyembe mwenyewe. Katika chumba kimoja chenye kabati la hewa safi, sanduku la joto la digrii 37, hadubini na pipa la baridi, wanafunzi wangejifunza kazi hii, wakapima kichaa cha mbwa, wakachunguza homa ya nguruwe ambayo kila mwaka humwachia mama wa kijiji zizi tupu. Gharama si ndogo. Umeme ukikatika usiku mmoja, kazi ya miezi hufa, nasi tunaujua umeme wetu. Lakini fedha nyingi zilipita katika miji yetu miaka ile miwili, zikalipa magari ya kukodi na posho na nyumba za kupanga. Waulizeni wenye magari. Ni chumba gani kilichobaki?

Na wale wa serikali na wa mashirika watakaokuja safari nyingine kuomba damu ya waliopona, tuwajibu kwa adabu, lakini tuwajibu. Mmarekani mweusi mmoja, Henrietta Lacks, alichukuliwa seli Baltimore mwaka 1951 bila kuulizwa; zikakuzwa, zikauzwa dunia nzima, na jamaa zake walipata mapatano na kampuni moja kubwa mwaka 2023, miaka 72 baadaye. Sisi tuulize mapema: damu hii inakwenda chupa gani, ya nani, na mtoto wetu gani atakwenda nayo kujifunza? Mtu akitoa jibu zuri, tumpe mkono na tumpe damu. Wala tusiufiche mgonjwa kwa ajili ya swali hili. Kudai haki na kupokea chanjo vinakaa pamoja katika mtu mmoja, kama vile mtu huweza kumshitaki mwenye duka na bado akanunua chumvi.

Wazazi wenye watoto katika kidato cha sayansi, waacheni wasome biolojia, hata kama mjomba anasema sheria na biashara zina fedha zaidi. Makatekista, msiogope kulisoma jambo hili mbele ya watu na kuulizwa maswali. Na wale wa Graben wasituambie kwamba hawana mahali pa kuanzia. Kitabu cha kwanza hutaka figo moja la ndama, lililo safi, lililotolewa muda mfupi baada ya kuchinja. Figo hilo lipo kila asubuhi machinjioni Butembo, linaning'inia kwenye ndoano pamoja na ini, na mwenye nyama atakuuzia.